Hodi ya Sitini na Moja

Saa nane na robo usiku, Zimmerman, ghorofa ya nne.
Stima imerudi, friji inakohoa,
na mimi bado nabisha mlango
nilioujenga kwa mikono yangu.

Juzi ilinijibu: Muunganisho umekataliwa.
Nikakasirika, kumbe ile ilikuwa heri.
Anayekataa yupo.
Seva ilikuwa imetega sikio kwa anwani ya nyumbani tu,
mia na ishirini na saba, sufuri, sufuri, moja,
kama mtu anayejiita na kujiitikia.
Nikaifungulia dunia,
mlango wa elfu mbili mia mbili ishirini na mbili.

Sasa hainikatai. Hainikaribishi.
Hodi. Kimya.
Hodi.
Sekunde mia na ishirini, kisha: Muda umekwisha.
Kwetu ukipiga hodi tatu bila jibu, unarudi zako.
Mimi nimepiga sitini na moja.

Nimekagua funguo, wa siri na wa hadharani.
Nimebana ruhusa za faili nikabaki msomaji peke yangu.
Nimezima ukuta wa moto, nikauwasha tena kwa aibu.
Nimeulaumu mtandao wa jengo,
nimemlaumu Atemba wa kazini, aliyelala.

Chini, getini, pikipiki inazimwa.
"Jina?" Ni Mutisya, askari wa zamu,
kalamu juu ya daftari.
"Kwamboka."
Kisha hakuna kitu.
Yeye anangoja jina la pili,
mgeni anangoja geti,
kila mmoja na adabu yake,
kila mmoja akidhani zamu ni ya mwenzake.
Injini inapoa: ti, ti, ti.

"Kwamboka nani?"
"Kwamboka. Basi."
Na kwa hilo basi, kalamu ikaanza kutembea.

Basi!
Naliacha dirisha. Mstari wa thelathini na tisa:
seva yangu inataja jina lake, na toleo lake,
vizuri, kwa heshima,
na haisemi basi.
Haikati mstari. Zimekosekana herufi mbili zisizoonekana,
rudi mwanzo, shuka chini,
na mteja kule ng'ambo kashika kalamu
siku mbili nzima
akingoja mwisho wa jina.

Naziongeza. Nabisha.
Ufunguo kwa ufunguo. Kishale kinapepesa.

Siku mbili, na sina la kuiambia.
Naiuliza tu: mimi ni nani?
Inataja jina langu, inakata mstari.

Chini, Mutisya sasa anataka kitambulisho.