Hesabu kwa Penseli

Daftari ni lile la kikoba, limebakiza kurasa tisa.
Mwanzoni kuna faini za waliochelewa kikao:
mama Kasubi mia tano, mia tano, mia tano.
Huku nyuma, tangu Jumapili, tupo sisi.

Mkataba wa Mhoja, kuchomelea vyuma Kanada,
una kurasa kumi na moja na hauna mstari wa nauli.

Naandika kwa penseli. Dola haina adabu:
jana imelala na bei hii, leo imeamka na nyingine,
nami nafuta hadi karatasi inaota tundu
pale kwenye tiketi.

Hati za kusafiria, watu watano.
Cheti cha kuzaliwa cha Mhoja, ambacho hakijawahi kuwepo:
alizaliwa Sikonge, msimu wa tumbaku,
siku ambayo mama yake anaikumbuka kwa mvua.
Kumtafutia tarehe: nauli mara mbili, kiapo, mhuri,
na soda ya karani.

Kipimo cha kifua, Dar es Salaam.
Treni daraja la tatu, kwenda na kurudi, watu watano.
Kalunde atapakatwa. Basi wanne,
tukikutana na mkagua tiketi mwenye watoto.

Makoti ya baridi, mtumba wa Jumamosi: nimepata mawili.
Limbu alilivaa la kwake kutwa nzima
kwenye jua la Oktoba, akagoma kulivua, akatapika.
Dawa: elfu tatu.

Halafu ile fedha ya kuonyesha.
Kwetu hela ukiionyesha imekwisha.
Wao wanataka ikae benki miezi sita,
haitoki nje, haishikwi na mtu,
kama mwali aliyewekwa ndani.
Na ada ya shule inagonga dirishani.

Mizinga kumi na minne ya baba mkwe, porini Ipole:
shemeji anaitaka, ila kwa bei ya undugu.
Bei ya undugu haipandi ndege.
Kiwanja cha Isevya, kimekwenda.
Cherehani, bado. Naigusa kila nikipita
kama anayekagua mbuzi wa mwenzake.

Mhoja akauliza, tumepungukiwa ngapi?
Milioni mbili na laki sita.
Akafumba macho. Akasema, labda Masele
amalizie kidato cha nne kwa bibi yake,
halafu tukishakaa sawa...
Hakuendelea. Mimi nilishapiga hesabu hiyo Jumatatu.
Kwa wanne inatosha. Inatosha na chenji inabaki.
Nikaukunja ukurasa ule mara nne
nikauacha humohumo.

Begi moja, kilo ishirini na tatu.
Nimepimia mzani wa dukani kwa Mrisho:
matobolwa kilo mbili, karanga, sufuria moja ya kusongea.
Asali niliitoa. Wanasema watainyang'anya uwanjani.
Natoka Tabora bila tone.

Mstari wa mwisho niliuandika usiku,
treni ya Kigoma ikipiga honi pale stesheni.
Kupalilia kaburi la Nyamizi: elfu kumi kwa mwaka,
Shija wa jirani amekubali.
Nikaweka alama ya kuzidisha,
nikakaa.
Mhoja akachukua penseli mkononi mwangu,
akaandika tatu. Akafuta.
Akaandika kumi. Akafuta.
Tukazima taa, tusije tukamaliza umeme.

Asubuhi nimeukuta ukurasa umekunjuliwa,
mikunjo yake yote minne imelainishwa kwa kiganja.
Na chini ya alama ya kuzidisha,
kwa kalamu ya shule, ya bluu:
*Nitapalilia mimi. Msimlipe Shija.*

Nilisugua. Wino ulitapakaa tu,
kisha karatasi ikatoboka.
Nikafungua ukurasa mwingine, nikaandika juu kabisa,
Watu watano,
nikapiga mstari chini yake kwa rula ya Masele.

Saa nne wakaja wa cherehani.