Swali la Kumi na Nne

Dodoso lilikuwa na kurasa sita.
Nilipanda nalo Igogo, mawe bado yana umande,
nikashuka nalo Mabatini kuufuata Mto Mirongo
unaobeba vyote tunavyokataa kuviita vyetu,
nikaishia Mwaloni, Kirumba, saa tisa za usiku,
kwa kuwa wenye miaka kumi na minne
ndiko waliko saa tisa za usiku.

Swali la kumi na nne: Nani alikupa mara ya kwanza?
Tia vema. Rafiki. Ndugu. Muuzaji. Mwingine, taja.

Nkwabi hakutia vema popote.
Alikuwa ameketi juu ya gunia la dagaa,
chupa ya gundi ndani ya mkono wa shati,
akaitazama karatasi kama anayeonyeshwa
picha ya nyumba asiyowahi kuingia.
"Baridi," akasema.
Baridi ndiye nani?
"Baridi. Ndiyo ilinipa."

Bituro alisema: "Harusi ya shangazi."
Glasi ilizunguka, watu wazima wakacheka
alivyokunja uso. Miaka tisa. Wakapiga na picha.
Leo haohao wanauliza kajifunzia wapi.

Na yule binti wa Igoma, jina sikuliandika,
alinijibu kwa swali:
"Ukishapakua magunia sawa na wanaume,
ukalipwa nusu, ile nusu nyingine
utaimezaje bila kitu cha kushushia?"

Ofisini, ghorofani, feni ikikata hewa ileile,
kijana wa takwimu akanipa orodha ya tarakimu.
Rafiki ni moja. Ndugu ni mbili.
Baridi ikawa tisini na tisa:
jibu lisiloeleweka.
Harusi, tisini na tisa.
Nusu ya malipo, tisini na tisa.
Tukachora duara, tukalikata kama keki,
kipande kikubwa kikaangukia kwa rafiki.
Shinikizo la rika, tukaandika, tukapumua.
Rika ni neno zuri. Halina baba,
halina mwenye ghala.

Mimi dodoso sikujaza. Hakuna aliyeniuliza.
Ningesema: mjomba Masanilo, Ngudu, likizo ya Juni,
kidumu cha lita tano nilichotumwa kufuata gongo,
na faneli niliyoilamba njiani
kwa utamu wa kutumwa na mtu mzima.
Tofauti yangu na Nkwabi
ni kwamba nyumbani palikuwa na mtu anayenusa.
Mama alininusa kabla sijavuka kizingiti.
Hakunipiga. Aliniketisha jikoni
tukachambua choroko hadi usiku, kimya,
na kesho yake, na keshokutwa.
Choroko zilipokwisha tukahamia mchele.

Kwenye mapendekezo wenzangu waliandika:
elimu zaidi itolewe, mabango yasimikwe.
Nami chini yao nikaandika: uji.
Mkuu wa mradi akauzungushia wino mwekundu:
Fafanua.

Nafafanua.
Pale Mwaloni, nyuma ya mizani,
kuna mama mmoja, Nyanjige,
ana sufuria mbili na taa ya betri.
Saa tisa na nusu watoto hupanga foleni.
Hahubiri. Huuliza tu,
"Jana hukuja. Ulilala wapi?"
na jibu la juzi bado analikumbuka.
Madeni huyaandika ukutani kwa mkaa;
mvua ikiyafuta, hugombana na mvua.
Hayumo kwenye orodha yetu ya wadau.

Nilimwona Nkwabi akikabidhiwa kikombe,
cha bati, cha moto, hakishikiki kwa mkono mmoja.
Akaitazama chupa. Akakitazama kikombe.
Akaiweka chupa chini.
Sikusema aliiacha, mkuu.
Nasema aliiweka chini,
dakika saba, nilizihesabu,
mikono yote miwili ina kazi.