Daftari la Visanduku

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu, Sibu.
Joto limeamka kabla yangu.
Kwetu walisema, agana na nyonga kabla hujapanda mnazi;
mie ya kulia niliagana nayo zamani, hii ni ya chuma,
na huu si mnazi, ni mtende, na ngazi ina vidato vitano tu.
Mjukuu wangu Muhannad ameishika kwa mikono miwili.
"Bibi, shuka polepole," ananiambia,
nami ndiyo kwanza napanda.

Visanduku ni vitatu.
Nimevigonga mwenyewe kwa mbao za makreti ya tende,
nikavifunga kwa waya badala ya misumari,
maana mtende nao una ngozi.

Cha kwanza, kwenye khalasi karibu na tangi la maji:
kambu.
Akitua juu ya waya wa umeme ni ndege wa vumbi tu,
kanga iliyokunjwa upande wa nyuma.
Akiruka, anaikunjua doti:
buluu, tena buluu, na pindo la buluu nyingine
ambayo hata muuza nguo hana jina lake.
Mayai manne. Meupe pe.
Naandika: manne, yana moto. Nafunga kifuniko.

Cha pili kitupu. Unyoya wa shomoro na risiti ya duka.

Cha tatu, nyuma ya jiko,
nilijua kabla sijachungulia.
Fujo ya mtu aliyehamia usiku:
nyasi, uzi, karatasi ya peremende, gamba la nyoka,
na katikati mayai matano
ya buluu.

Hapo ndipo ninapochoka.
Ndege wa buluu hutaga meupe,
na huyu maina, kahawia, jicho la manjano kama mgonjwa wa ini,
huyu anayewatoa makinda wa wenzake kwa mdomo na kuwaangusha kwenye saruji
(mwaka jana niliwaokota watatu, nikawazika katika kopo la mrehani),
yeye ndiye anayetaga mbingu.

Jirani yangu Thuwayba husema, punguza tundu.
Nimemwambia: tundu linalompisha kambu linampisha na maina.
Mlango hauchagui.
Anayechagua ni mwenye ngazi.

Mwaka sabini na tatu tulishuka Matrah,
mie nina miaka kumi na mmoja, nimeshika birika.
Mtu wa forodhani alimuuliza mama kitu kwa Kiarabu,
mama akaelewa nusu, akamjibu kwa Kiswahili:
babu yangu katoka hapa.
Yule mtu akacheka. Akapiga muhuri.
Sijui kwa nini hilo hunijia nikiwa juu.
Maina hana babu hapa. Aliletwa kizimbani, wanasema,
mtu akafungua mlango. Basi.

Natoa mfukoni kichupa cha mafuta ya kupikia.
Nachovya kidole, napaka yai baada ya yai,
taratibu, kama mtu anayepaka utosi wa mtoto mchanga.
Yai lililopakwa halipumui.
Mama yake hatajua. Atarudi, ataatamia,
na maadamu ana cha kuatamia
hatakwenda kugombana na wa kule tangini.
Hiyo ndiyo hila. Inafaa.
Nimeifanya misimu mitatu, na bado naosha mikono mara mbili.

"Mangapi?" Muhannad anauliza. Hupenda kuhesabu;
Kiswahili chake chote kimo ndani ya namba.
"Matano."
"Watatoka matano?"
"Watano," namsahihisha. "Ndege ni watano."
Kisha nanyamaza, maana sikumjibu.

Naandika: cha tatu, matano, mafuta.
Jasho limelowesha ukurasa, wino umetanda.

Juu ya ukuta maina anasubiri nishuke.
Ana jani kavu mdomoni.
Bado anajenga.