Hesabu ya Chumba cha Picha

Kifuani nina beji, si ya jina.
Jina langu, Masengo, liko mfukoni kushoto,
limefifia kwa sabuni ya mche.
Hii nyingine haiulizi mimi ni nani.
Inahesabu nimekunywa kiasi gani
cha kitu kisicho na harufu wala joto,
kisichobisha hodi.

Kila miezi mitatu tunazifunga beji kwenye bahasha,
ndege inazipeleka Kinshasa,
majibu yanarudi yakipenda.
Beji ya Januari ilijibiwa jakaranda zikichanua:
sifuri nukta mbili.
Nilicheka. Mshahara wa Januari nao ulikuwa bado.

Kikomo changu ni ishirini kwa mwaka.
Milisiverti ni neno refu; hapa Katuba tunasema tu ishirini,
kama mtu anayetaja bei ya makala.
Si kwamba kumi na tisa ni uzima
na ishirini na moja ni kaburi.
Mwalimu wetu Banza alilikataa hilo,
alichora mstari kwa chaki, akaufuta kwa kiwiko:
"Kikomo si ukuta. Ni aibu.
Bosi mwema hata harufu yake haisikii."

Aproni ya risasi, kilo sita.
Nilipokuwa mtoto neno hilo lilipita juu ya mabati usiku
nasi tukalala chini ya kitanda.
Sasa nalivaa, nalifunga kamba mgongoni,
linanikinga.

Mimba ilipotimiza miezi mitatu
nilimwambia mkuu wa huduma kabla ya mume wangu.
Ukishalitaja tumbo, tumbo linapata kikomo chake:
moja tu, mpaka azaliwe,
sawa na muuza mikate apitaye barabarani.
Hajaota kucha sawasawa, tayari yumo kwenye jedwali.

Ndipo akaja Kyoni,
mchimbaji, kikohozi cha wiki saba,
vumbi la kijani kwenye mikunjo ya shingo.
Vuta pumzi. Shikilia. Usitikisike.
Mashine ikaguna.
Pumua.

Akifunga vifungo akauliza:
"Na mimi, kikomo changu ngapi?"
Nikamwambia mgonjwa hana kikomo, ana sababu.
Daktari akiwa nayo, tunapiga,
kwa mwanga mdogo kabisa unaosomeka.
Asipokuwa nayo, hata picha moja ni nyingi.

"Siulizi ya hapa, mama. Ya kule shimoni."

Akanieleza mawe meusi, mazito kuliko ukubwa wao,
na mnunuzi mwenye kimashine
kinacholia kama mende ndani ya kiberiti.
"Kilipolia bila kupumzika, yeye aliruka nyuma.
Gunia lilibaki mgongoni mwangu."

Niligeukia jedwali ukutani.
Wafanyakazi: ishirini.
Lakini mfanyakazi ana mkataba, ana beji, ana bahasha.
Umma: moja.
Lakini umma haulali na gunia chini ya kichwa
ili wenzake wasiliibe.
Kidole changu kilisimama kati ya mistari miwili,
pale penye karatasi nyeupe.

Kwenye droo kulikuwa na beji ya Mwape
aliyehamia Kolwezi bila kuaga.
Niliitoa.
Nikairudisha; sheria inasema beji haiazimwi.
Nikaitoa tena.
"Uivae juu ya shati," nikamwambia, "usiifue,
usimwoneshe mnunuzi."

Alirudi mvua zilipoanza,
amekonda, beji imeganda udongo.
Niliipangusa kwa pamba na spiriti.
Hakuuliza kitu, nami sikuwa na kitu.

Bahasha ya Desemba imeondoka.
Ndani kuna beji saba.
Sisi ni sita.
Kwenye orodha nimeandika Mwape, kwa mkono usiotikisika,
na usiku mtoto anapiga teke
upande ule ule ninaovaa hesabu.