Asiyepungua

Alifika Mtwara msimu wa mabibo,
Ligula nzima inanuka utamu uliochacha.
Mkuu wa shule akanyoosha mdomo kunielekea:
"Kaa na huyo. Meza hatuna nyingine."
Mgeni akacheka. Batangas, alisema,
nako huonyeshana kwa midomo.

Miaka kumi na miwili, meza moja.
Kwangu insha, kwake bikari na pembetatu
na chupa ya siki anayomwagia kila kitu,
hata ming'oko. Mama Nandonde wa getini
alimgombeza kwa hilo muhula mzima.
Siku hizi anamwekea kichupa chake.

Marivic Dimaculangan: jina halikuenea
kwenye kisanduku cha fomu ya uhamiaji.
Maana yake, alinieleza, ni asiyepungua.
Mwalimu wa hesabu, na jina linakataa kutoa.

Wiki ya kwanza, Kidato cha Pili B,
aliwaita wanafunzi bata.
Darasa likalia kwaa kwaa mpaka kengele.
Akarudi masikio mekundu:
"Kwetu bata ni mtoto!"
Nikamwambia hata kwetu,
ukiwatazama wanavyotoka mstarini.

Saba, kumbe, ni ndizi ya kupika.
Wala ni wala, hakuna, ile ile.
Hilo halikutaka mkalimani,
hasa mwezi ukishafika tarehe kumi.

Chikongola walimpa jina la mtoto: Mama Analyn.
Analyn mwenyewe hatukumjua ila kwa picha,
darasa la pili, mapengo mawili mbele.
Marivic huitika, kisha hunong'ona
kwamba mama, kwao, ni bwana usiyemfahamu.
Fundi baiskeli akiita "Mama!"
yeye bado hugeuka kumtafuta huyo bwana.

Mimi nimehesabu miaka kwa kuzaa na kujenga.
Yeye ana hesabu zake:
siku muuza nazi alipomwita mbishi;
mhuri wa tatu wa kibali;
usiku alioota anagawa kwa Kiswahili,
akaamka, akakokotoa, jibu ni lile lile;
Likoloma, yule wa kulala nyuma,
kupata B, na baba yake kuja na korosho
zimejaa kofia ya pikipiki.

Na Jumanne ile ya Julai.
Nauli ya kwenda kumzika baba ilikuwa mishahara sita.
Alifundisha vipindi vyote vinne,
cha mwisho mraba wa kiegama,
akafuta ubao hadi pembeni kabisa,
akaketi.
Kuketi huko tunakujua sisi.
Jioni mikeka ilikwishatandikwa kwake,
mchele, kuni, masufuria ya kuazima.
Bibi Somoe akauliza jina la marehemu.
Teodulfo.
Akalijaribu mara tatu, likamvunjikia mara tatu.
Akasema, basi, Mungu analijua.

Juzi Analyn amemaliza sekondari.
Saa nne yetu, kwao alasiri.
Umeme umekatika, mji wa gesi huu,
simu tumeiegemeza kwenye chupa ya siki,
walimu saba tunavuta bando la mtu mmoja.
Tukamwona: joho jeupe, meno kamili,
anapanda jukwaa, ananyanyua mguu,
picha ikaganda.

Mguu hewani. Tukangoja.
"Ako," akasema Marivic, kidole kwenye kioo.
Ako, kwao, ni mimi.
Kwetu ni mkia wa neno tu,
hausimami bila kitu cha mtu mwingine mbele yake:
chako, lako, wako.
Sikujua amesema kwa lugha ipi.
Sikuuliza.

"Amevuka?" akauliza Mama Nandonde mlangoni.
Marivic akainua nyusi. Kwao hiyo ni ndiyo.
Kengele ikalia.
Akachukua chaki, akaniachia simu niishike,
Kidato cha Kwanza A walikuwa na hesabu.