Herufi Moja, Mtaa wa Oli

Mimi hulipwa kwa herufi.
Elfu mbili kila moja, rangi yangu, ngazi ya mteja,
nukta na koma bure.
Basi usinishangae nikisema Kiingereza nakipenda:
kisu chao kina K mbele isiyotamka lolote,
imekaa tu kama mgeni wa siku ya tatu
aliyenyimwa jembe,
na inalipiwa.

Makosa ninayo.
Ile koma ya juu, kwa kuwa ni bure,
nimeimwaga Arua nzima kama chumvi.
Na pale kliniki ya Ediofe, tangazo la kupunguza unene,
O moja ni kupoteza, O mbili ni kulegea;
nikatia mbili.
Daktari akalipa zote. Wanene wakaja,
wakasoma, wakacheka, wakapanda mizani.

Lakini hili la Bi Candiru.

Aliniambia, "Andika steshenari."
Sikioni ni neno moja. Sikuuliza.
Nikaliandika kwa buluu, kivuli cheusi chini,
nikawa namalizia mkia wa Y
Mwalimu Ezati akafunga breki,
mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedali.

"Marajan! Karatasi na kalamu zinataka E.
Wewe umetia A.
Hapo umeandika: kitu kisichosogea."

Nililowesha kitambaa kwa petroli.
Aibu ya fundi haina kivuli, inakuchoma palepale ngaziani.

Bi Candiru akatoka, vumbi la chaki mpaka viwikoni.
"Rudia, Mwalimu. Kisichofanya nini?"

"Kisichosogea. Kilichokaa pale pale."

Akatazama juu.
Akatazama kwa muda mrefu kuliko urefu wa neno.

"Mara ya kwanza nilivuka kwenda Aru
mgongoni mwa mama.
Mara ya pili kwa miguu yangu,
mtoto mgongoni, sufuria kichwani,
shingoni ufunguo wa nyumba
iliyokuwa imeshaungua.
Shuka, fundi."

Mwalimu alifungua mdomo,
kanuni ikiwa tayari ulimini,
akaufunga.
Akanunua kalamu mbili nyekundu, hakudai chenji.

Mimi nilishuka. Petroli ilikauka yenyewe kwenye kitambaa.
Nilimtoza A kwa bei ya A;
naye alihesabu noti mara mbili, maana duka ni duka.

Miaka tisa sasa. Mvua imekula S ya mwanzo,
jua limeifanya buluu kuwa kijivu,
na kila mgeni msomi akipita hunyoosha kidole.

Watoto wa Oli, mtihanini, neno hilo
wote huliandika kwa A.
Na Mwalimu Ezati, nasikia,
hukata nusu alama tu.