Kichaka cha Nkuhungu

Nilikichimba Itigi, kando ya reli,
nikakifunga kwenye kiroba cha sembe
nikaja kukipanda Nkuhungu, ubavuni mwa geti.
Jina lake sikuuliza.

Mwezi wa sita, upepo ukianza kung'ata masikio,
majani yanaiva: kwanza manjano ya dengu,
kisha wekundu mzito,
zabibu iliyosahauliwa juani.

Mpangaji wangu Ndahani, karani wa ardhi,
kila jioni anakimwagia maji ya kunawia.
"Mama Mbeleje, kinakufa hiki.
Tung'oe, tupande mwarobaini."

Namwacha amwage.
Mwarobaini siukatai, una kivuli, una dawa.
Ila hauniambii mwezi.

Mwaka ule wa msiba nilikaa ndani
sijui kama ni Jumanne au ni jana.
Siku nilipofungua geti
jani moja jekundu limenasa kwenye komeo.
Nikajua: wa sita.
Nikaenda kununua umeme.

Leo kimebaki vijiti.
Ndahani ameegemeza jembe ukutani,
anasubiri nitoke kwenda sokoni.

Jembe nimelilaza uvunguni mwangu
mpaka mvua ya kwanza.